Ndege kwa ndege: tuulizwe kwanza sisi wakulima

Mpunga ukishafika kwenye maziwa, Katumba Songwe hakutulii mtu. Alfajiri mko shambani na makopo na makombeo, mnaamia ndege. Wapo watoto wanaokosa shule kwa ajili hiyo.

Kwelea kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Unaona kidogo, eeh? Kundi la milioni moja linamaliza tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia, kwa siku moja tu. Hapo kombeo halifui dafu. Inatakiwa ndege ya kunyunyizia.

Sasa ngoja niwape kisa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, kiwanda cha de Havilland Canada kilihitaji kazi mpya. Kabla ya kukamilisha mchoro, wakawauliza marubani wa porini: mnataka ndege ya namna gani? Wakajibiwa: yenye nguvu, inayoruka na kutua kwenye kiwanja kifupi, inayokubali magurudumu, maboya au skii. Mlango ukawekwa mpana hadi pipa la mafuta linapita. Hiyo ndiyo Beaver. Iliruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947, na hadi 1967 zilikuwa zimeundwa zaidi ya 1,600. Huku kwetu ilitumiwa na DLCO-EA, shirika la kudhibiti nzige lililoanzishwa 1962, ambalo Tanzania ni mwanachama na ambalo linapambana na kwelea kwelea pia.

Siku hizi Morogoro ipo kampuni ya Airplanes Africa Limited, inaunda ndege ndogo za viti viwili, Skyleader 600. Mimi nafurahi sana. Lakini hiyo siyo ndege ya kunyunyizia, na maoni yangu ni haya: yeyote atakayetaka kutuundia ya kilimo, iwe ndege au droni, aanze kwa kuuliza kama wale wa Beaver. Aje aone majaruba yetu yalivyokaribiana na nyumba. Aone maji yanavyoteremkia Ziwa Nyasa, maana sumu ya kwelea kwelea inaua samaki pia. Chombo kinachofaa kwenye mashamba makubwa ya wazi kinaweza kutuletea balaa hapa.

Na sisi tuwe na majibu. Sumu hainyunyiziwi kwenye mpunga. Inanyunyiziwa jioni pale ndege wanapolala. Kwa hiyo ukiona matete au vichaka wanakolala, toa taarifa kwa afisa ugani siku hiyo hiyo. Usingoje mpunga uingie maziwa, utakuwa umechelewa. Na jamani, waliokufa kwa sumu msiwaokote kwa kitoweo.

Anayeamia ndiye anayejua ndege wanatokea wapi. Aulizwe yeye kwanza.