KUBADILI KABURETA YA INJINI YA ROTARI

Gari kuukuu lina adabu zake, na gari kuukuu lenye injini ya rotari lina adabu za peke yake. Fundi aliyekulia kwenye injini za pistoni aweza kuifungua kabureta iliyochoka, akafunga nyingine, gari likaitika vizuri na mwenyewe akalipa kwa furaha. Baada ya miezi michache nguvu zinapungua, kuwasha asubuhi kunakuwa kazi, na mwishowe injini inakufa. Kabureta mpya haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika mirija miwili myembamba ambayo hakuna aliyeuliza kazi yake.

Injini isiyo na pistoni

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na ile ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Walioishikilia kuliko wengine wote ni Mazda wa Hiroshima, Japani. Walianza kuuza gari lao la Cosmo Sport mwaka 1967, na mwaka 1978 wakatoa RX-7. Magari mengi ya RX-7 ya toleo la kwanza, lililotengenezwa hadi mwaka 1985, yana injini iitwayo 12A, yenye rota mbili za sentimita za ujazo 573 kila moja, na kabureta ya Nikki yenye koo nne. Hiyo ndiyo itakayoelezwa hapa.

Badala ya pistoni kupanda na kushuka, rota ya pembe tatu huzunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kila ubavu wa rota huvuta hewa na petroli, hushindilia, huwasha na kutoa moshi. Valvu hazipo. Katika kila ncha ya rota kuna kizibo chembamba kinachosugua ukuta wa chumba muda wote injini inapokwenda. Katika miaka ya 1960, wahandisi wa Mazda chini ya Kenichi Yamamoto walihangaika sana kwa sababu vizibo hivyo viliacha mikwaruzo ya mawimbi ukutani, nao wakaiita mikwaruzo hiyo kucha za shetani. Kizibo kikichakaa, mshindilio huvuja, na dawa yake ni kuifungua injini nzima.

Vizibo hivyo haviwezi kuishi bila oili. Kwa hiyo pampu ndogo huchota oili ya injini, ikaipandisha kwa mirija miwili hadi kwenye kabureta, nayo ikaingia pamoja na petroli, ikalainisha, kisha ikaungua. Fimbo nyembamba huunganisha pampu hiyo na mkono wa kabureta, ili dereva anapokanyaga mafuta, oili nayo iongezeke. Basi injini ya 12A inayokula oili kidogo si mgonjwa, ndivyo ilivyoumbwa. Mgonjwa wa kweli ni ile isiyokula kabisa.

Kabla ya kushika spana

Kwanza ihakikishwe kwamba kabureta ndiyo yenye ugonjwa. Chujio la petroli lililoziba, plagi chafu au mpira wa hewa uliopasuka huweza kuleta dalili zile zile. Kabureta ya Nikki ina vioo vidogo vya kutazamia kiasi cha petroli katika mabakuli yake. Kioo kikionyesha petroli imepanda kupita alama, huenda ni sindano ya boya tu inayovuja, na kuifungua, kuisafisha na kuitia gasketi mpya kutatosha.

Ikibidi kubadilisha, kazi ifanyike nje, injini ikiwa baridi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuutafuta moto. Katika nyumba za kambini, ambako jiko la mkaa la jirani liko hatua chache, majirani waarifiwe na watoto waondolewe. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Mtungi wa kuzimia moto, au walau ndoo ya mchanga, uwe karibu. Maji hayafai kwa moto wa petroli, kwani huutawanya.

Kuifungua

Askari aliyezoea kufungua silaha yake hatasumbuka hapa: kila kipande juu ya kitambaa safi, kwa mpango wa kilivyotoka. Kwanza itoke sanduku ya chujio la hewa. Kisha kila mpira na kila waya ufungwe karatasi yenye namba, na picha ipigwe kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Kuna mpira unaoleta petroli na mwingine unaoirudisha tangini; ukibadilisha nafasi zake, injini haitapata petroli inavyostahili. Petroli iliyobaki ikingwe katika chombo cha chuma chenye mfuniko.

Baadaye zifuate waya za eksileta na choki, mirija miwili ya oili na fimbo ya pampu. Mirija iliyozeeka hukauka na kuvunjika kama kijiti, hivyo ishikwe kwa upole. Mwisho zifunguliwe nati nne za kwenye manifoldi, na kabureta inyanyuliwe wima.

Papo hapo matundu ya manifoldi yazibwe kwa kitambaa safi. Katika injini hii hakuna valvu ya kuzuia, na nati moja ikidondoka humo yaweza kwenda moja kwa moja hadi kwenye rota. Uzembe wa dakika moja utakula mshahara wa miezi.

Kuifunga

Mabaki ya gasketi ya zamani yakwanguliwe taratibu, na gasketi zote ziwe mpya. Ufa mdogo hapa huvuta hewa ya wizi, injini ikawa inatetemeka na kupata joto kupita kiasi. Nati zikazwe kwa kupishana pembe kwa pembe, kidogo kidogo, bila kutumia nguvu za ugomvi. Baada ya hapo mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho na mwingine atazame kama koo zinafunguka zote na kurudi zenyewe. Waya unaokwama wazi ni ajali inayongoja barabara.

Oili ipite wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Kabureta mpya ikiwa ya aina ile ile, mirija na fimbo virudishwe mahali pake. Hata hivyo mirija imejaa hewa, na oili haitafika mara moja. Kwa hiyo tangi la kwanza litiwe pia oili ya injini za tu-stroki, mpaka ionekane wazi kwamba pampu inasukuma.

Wengi, hata hivyo, hukosa Nikki nzima na kufunga Weber au Holley. Nyingi kati ya hizo hazina mahali pa kuingizia oili. Hapo fundi asiiache mirija ikining'inia, maana pampu itaendelea kumwaga oili nje hadi injini ikauke. Pampu iondolewe na tundu lake lifunikwe kwa bamba na gasketi. Tangu siku hiyo, oili itatoka katika tangi la petroli, kama wanavyofanya wavuvi wa Ziwa Victoria wanaochanganya petroli na oili kwa ajili ya mashine za mitumbwi. Kipimo cha sehemu moja ya oili kwa sehemu 100 za petroli ni rahisi kukumbuka: mililita 100 kwa lita 10, mililita 400 kwa lita 40. Oili itangulie, petroli ifuate, ili zichanganyike vema.

Kuiwasha

Betri iunganishwe, petroli ijae katika kabureta, kisha viungo vyote vipapaswe kwa kidole kikavu. Penye unyevu pasiwashwe kitu. Injini ikishawaka iachwe ipate joto kabla ya kuzimwa, kwa maana rotari iliyosogezwa hatua tano na kuzimwa ikiwa baridi huzama kwa petroli na kugoma. Ikizama, plagi zake nne zitolewe na kukaushwa, pampu ya petroli izimwe, injini izungushwe kwa starta hadi petroli itoke, kisha plagi zirudishwe.

Habari iwafikie wote nyumbani

Gari la familia halina dereva mmoja. Baba akipelekwa kazini mbali kwa miezi mitatu, mama atalipeleka hospitali, na kijana atatumwa kulijaza petroli. Asiyejua atajaza petroli tupu, gari litakwenda vizuri siku hiyo na siku nyingi baadaye, na vizibo vitakuwa vinakwisha kimyakimya. Heri basi maneno mawili yaandikwe kwa rangi ndani ya kifuniko cha tangi: OILI KWANZA. Chupa yenye alama za kipimo ikae ndani ya buti daima, na kila anayekabidhiwa ufunguo aonyeshwe chupa hiyo kabla hajaondoka.