Baiskeli ya Mfanyakazi Nayo Ina Haki ya Barabara



Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 macho ya dunia yalikuwa juu ya vilima vya Kigali. Mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalifanyika hapa kwetu, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Tulijipanga kando ya barabara, tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Sasa sherehe imekwisha, wageni wamerudi makwao, barabara zimebaki. Sisi wa Muhima tunauliza swali moja tu: barabara zilizotengenezwa vizuri kwa ajili ya mabingwa wa siku nane, zinamhudumiaje mfanyakazi anayezipanda kila siku?

Muhima ni mahali pafaapo kuuliza swali hilo. Mtaa wetu umekaa kwenye mteremko unaotoka katikati ya mji kushuka mpaka Nyabugogo, na Nyabugogo ndiyo mlango wa Kigali. Kutoka hapo barabara hugawanyika. Moja inapanda Shyorongi kwenda Musanze na Rubavu. Nyingine inavuka mto Nyabarongo na kupanda Ruyenzi kwenda Muhanga na Huye. Ya tatu inapita Gatsata kwenda Gicumbi na mpaka wa Uganda pale Gatuna. Wachezaji wa Tour du Rwanda, mashindano yaliyoanza mwaka 1988 na kuingia katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009, wanazijua sana barabara hizi. Lakini wabeba viazi, wabeba ndizi, wabeba maziwa na abanyonzi wanaobeba abiria wanazijua zaidi, maana wao hawazipiti kwa msimu.

KILIMA NI KILE KILE

Tarehe 28 Septemba wanaume walishindana kilometa 267.5. Ukijumlisha vilima vyote walivyopanda siku ile, unapata mita 5,475 za kwenda juu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wengine wote waliacha njiani, nao ni watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Siku iliyotangulia, Magdeleine Vallieres wa Kanada alikuwa ameshinda mbio za wanawake.

Katika njia yao ulikuwemo Mlima Kigali, kilometa 5.9 za kupanda kwa wastani wa asilimia 6.9. Maana yake ni kwamba kila unapokwenda mita 100 mbele, unapanda karibu mita 7 juu, na ukifika kileleni umepanda zaidi ya mita 400. Ulikuwemo pia ule mpando wa mawe wa upande wa Kimisagara, jirani zetu, ambao wageni wanauita Ukuta wa Kigali: mita 400 kwa asilimia 11. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba vilima hivi ni vikali mno. Jambo hilo hatukuhitaji kuambiwa.

Tazameni tofauti. Kwa sheria za mashindano baiskeli ya mbio isipungue kilo 6.8, na nyingi hazizidi sana hapo. Ina gia nyingi na breki za kuaminika. Nyuma yake kuna gari lenye fundi, maji na baiskeli ya akiba. Barabara imefungwa, hakuna lori wala pikipiki. Baiskeli ya mfanyakazi ni chuma kizito chenye gia moja, na nyuma kuna gunia la viazi au mkungu juu ya mkungu. Kwenye mpando mwenyewe anashuka na kuisukuma, huku malori yakipita karibu na kiwiko chake. Akifika juu hatari ndiyo kwanza inaanza, maana kuteremka kona za Shyorongi na gunia, kwa breki zilizolika, ni kushika roho mkononi. Kilima ni kile kile, lakini ulinzi si ule ule.

Wala tusidhani kwamba mabingwa na wabeba mizigo ni watu wa koo mbili. Gasore Hategeka alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli kule kaskazini-magharibi kabla ya kuvaa jezi ya timu ya taifa. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu iwe ya kimataifa. Nchi iliyojifunza kuheshimu baiskeli ya mchezo haishindwi kuheshimu baiskeli ya kazi.

BAISKELI NI CHOMBO CHA KAZI

Mchuma chai wa Mulindi, Kinihira, Kitabi au Pfunda hulipwa kwa kilo. Majani hayangoji, yakishachumwa lazima yafike kiwandani mapema, la sivyo yanaharibika. Kwa hiyo saa ya kufika shambani ni fedha, na miguu iliyochoka kabla ya kazi kuanza ni kilo zilizopotea. Mfanyakazi wa kiwandani naye akichelewa zamu hukatwa. Kwa watu hawa baiskeli ni kama jembe, kama kisu cha mchinjaji.

Jambo hili liliwahi kueleweka. Mwaka 2006 mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani, Tom Ritchey, alikuwa katika mpango wa kuwaletea wakulima wetu baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, ili buni mbichi zifike mapema kwenye kituo cha kuoshea. Ni fikra sahihi: kwanza tazama mzigo na kilima, kisha tengeneza chombo kinachofaa. Ndugu zetu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walifanya hivyo wenyewe zamani. Waliweka kiti nyuma ya baiskeli wakavusha abiria, na jina la boda boda likaenea Afrika Mashariki nzima.

Wapo wanaosema kwamba baiskeli za mizigo zinachelewesha magari na kuharibu sura ya mji. Tunawajibu kwa utulivu. Viazi mnavyokula mjini vilisafirishwa na nani kutoka shambani hadi penye lori? Maziwa ya asubuhi yalishushwa na nani kilimani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gari hamjui mwenye kusukuma. Ikiwa barabara ni nyembamba, dawa ni kumpa mwendesha baiskeli sehemu yake. Tangu mwaka 2016 Kigali imekuwa na Jumapili zisizo na magari ili watu wafanye mazoezi. Ni jambo jema. Sisi tunaomba usalama huo ufike na Jumatatu.

Hapo hapo tunawaonya wenzetu. Mtindo wa kujishika nyuma ya lori ili livute kilimani umekwisha ua. Dereva hakuoni, na lori likiyumba kwenye kona huna pa kukimbilia. Kuteremka bila breki, kwa kutegemea soli ya kiatu, nako si ushujaa. Anayedai haki ya barabara sharti ashike adabu ya barabara.

TUNACHODAI

Kwanza, barabara. Kila barabara ya vilimani inapotengenezwa upya, iachwe kando yake nafasi ya lami kwa baiskeli na waendao kwa miguu, hasa upande wa kupanda, ambako baiskeli inakwenda polepole na lori linataka kupita. Mitaro ya maji ifunikwe kwenye kona.

Pili, mahali pa kazi. Tunawataka waajiri wajenge banda la kuwekea baiskeli lenye mlinzi, pamoja na pampu na vifaa vya kuzibia pancha. Gharama yake ni ndogo, na faida yake itaonekana katika mahudhurio na tija. Wanaotoka zamu ya usiku wapewe taa na fulana zinazong'aa, kama wanavyopewa buti na glavu.

Tatu, ajali za njiani, na hapa tusikilizane vizuri. Mwenzetu mmoja aliteleza na baiskeli alfajiri akienda zamu, akavunjika mguu. Mnyapara wa kiwanda chake akamwambia kwamba ameumia nje ya lango, hivyo kiwanda hakihusiki. Alikaa nyumbani miezi mitatu, watoto wakila kwa mchango wa wenzake. Jibu la mnyapara yule halikuwa la kweli. Katika hifadhi ya jamii ya nchi yetu, ajali inayompata mfanyakazi njiani kutoka nyumbani kwenda kazini, au anaporudi, huhesabiwa kuwa ajali ya kazi. Mwajiri huchangia RSSB asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi, na mchango huo ni wake yeye, haukatwi kwako. Lakini haki hii humfikia aliyeandikishwa.  Kwa hiyo kila mmoja wenu aulize wiki hii: je, nimeandikishwa?

Nne, siku za kufungwa barabara. Wakati wa mashindano ya Septemba 2025 shule za Kigali zilifungwa, na watumishi wa serikali wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Mpakia mizigo wa Nyabugogo hana kazi ya kufanyia nyumbani. Hatupingi mashindano, na mengine yaje. Tunasema tu kwamba siku ambayo mfanyakazi amezuiwa kufika kazini kwa faida ya taifa isiwe siku ya mfuko wake mtupu. Jambo hili liandikwe katika mikataba ya hali bora, ili likitokea lisiwe ubishi.

KAZI YA KILA TAWI

Madai haya hayatapatikana kwa kunung'unika kwenye foleni ya mshahara. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila tawi lihesabu wanachama wake wanaokuja kazini kwa baiskeli, liandike kona na miteremko iliyowahi kuumiza watu, na liorodheshe ajali za njiani ambazo hazikupelekwa RSSB. Wawakilishi wa wafanyakazi walete orodha hizo kwenye kikao kijacho, nasi tutakwenda nazo mezani kwa waajiri na kwa wilaya. Matawi yenye akiba SACCO yajadili pia mkopo wa pamoja wa kununulia breki, matairi na kofia ngumu kwa bei ya jumla.

Orodha yenye majina, tarehe na mahali haikataliwi kirahisi. Anzeni kuiandika leo.

Umoja ni nguvu.