UCHAMBUZI: Italia yavuna kutokana na majina ya vyakula, Kericho na Bomet zauza majani yasiyo na jina

UAMUZI uliotolewa jijini New Delhi, India, mnamo Desemba 10, 2025 huenda haukuzungumziwa sana katika vituo vya kununulia majanichai vya Litein au Mogogosiek. Siku hiyo, kamati ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (Unesco) iliyaingiza mapishi ya Italia katika orodha ya turathi za utamaduni wa binadamu. Miaka minane awali, mnamo 2017, shirika hilo lilikuwa limeitambua sanaa ya waokaji wa piza wa mji wa Napoli.

Mkulima wa Kericho au Bomet ana kila sababu ya kuuliza habari hii inamhusu vipi. Inamhusu kwa kuwa Italia imeudhihirishia ulimwengu jinsi jina la chakula linavyoweza kugeuzwa kuwa mali ya jamii nzima. Kaunti hizi mbili nazo zina vinywaji viwili vyenye sifa, chai na mursik. Kimoja kinauzwa ughaibuni bila jina la kwao, na kingine kina jina lisilo na ulinzi wowote.

Wengi hudhani kwamba Waitaliano walijaliwa vyakula vyao tangu enzi za kale. Historia yasema vingine. Italia iliungana kuwa dola moja mnamo 1861. Kabla ya hapo, watu wa Napoli na Venezia waliishi chini ya watawala tofauti, wakazungumza lahaja tofauti na kula vyakula tofauti. Mnamo 1891, Pellegrino Artusi alichapisha kitabu cha mapishi alichokikusanya kutoka maeneo mbalimbali, na kwa miongo iliyofuata kitabu hicho kilizisaidia familia za taifa jipya kujiona kuwa zinakula katika meza moja.

Viungo vyenyewe vingi vilikuwa vya kigeni. Nyanya ilitoka mabara ya Amerika. Mahindi, yanayopikwa polenta kaskazini mwa Italia, chakula ambacho Mkenya yeyote akikionja atakumbuka ugali, yalitoka huko pia. Mwanahistoria Alberto Grandi wa Chuo Kikuu cha Parma aliwaudhi wengi nchini mwake mnamo 2023 aliposema kwamba baadhi ya vyakula vinavyosifiwa kuwa vya kale vilianza au vilibadilika sana baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumbani ni kahawa. Italia si nchi ya kukuza kahawa. Huinunua kutoka ng'ambo, ikiwemo Uganda, ambayo kwa miaka mingi imeihesabu Italia miongoni mwa wateja wake wakubwa. Hata hivyo, mteja wa Nairobi, London au Tokyo anapoagiza espresso, huagiza kwa Kiitaliano. Asiye na shamba amelimiliki jina.

Kericho mambo ni kinyume. Shamba lipo, mvua ipo na mikono ipo, lakini jina limepotelea njiani.

<b>Chai ilivyokosa kwao</b>

Chai si mmea wa asili wa nchi hii. Ilipandwa kwa mara ya kwanza Limuru mnamo 1903, na kilimo chake cha kibiashara kikashika kasi Kericho katika miaka ya 1920. Ardhi yenyewe haikupatikana kwa hiari ya wenyeji. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga maelfu ya ekari kwa maafisa wa kijeshi wa Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mradi huo ulipoporomoka, makampuni ya chai yakaingia. Mnamo 1934, sheria maalumu ilitumiwa kuwahamishia jamaa za ukoo wa Talai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai ya haki kuhusu dhuluma za enzi hizo yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mnamo 2022.

Licha ya mwanzo huo mchungu, chai imekuwa sehemu ya maisha. Mgeni anayebisha hodi katika boma la Mkipsigis hukaribishwa kwa chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani. Ikiwa nyanya ya Amerika imekuwa ya Mwitaliano, hakuna sababu ya kumwambia mkulima wa Konoin au Bureti kwamba chai si yake.

Tatizo linaanza majani yanapotoka kiwandani. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya husagwa kwa namna ya chembechembe, ikafungwa magunia na kupelekwa katika mnada wa Mombasa, ambao ulihamia huko kutoka Nairobi mnamo 1969. Katika mnada huo huuzwa pia chai ya Uganda, Rwanda, Tanzania na mataifa mengine ya Afrika. Wanunuzi huisafirisha hadi Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko, na huko huchanganywa na chai za nchi nyingine. Chai ya Kenya husifiwa na wachanganyaji kwa rangi na nguvu yake, sifa zinazoifanya ifae kuzipiga jeki chai za wengine. Mnywaji wa mwisho husoma chapa iliyo kwenye pakiti, wala hajui kama kuna mahali paitwapo Kapkoros.

Mauzo ya mashamba makubwa yametoa funzo lisilohitaji mkalimani. Mnamo 2023, kampuni ya Finlays ilikubali kuuza mashamba yake ya chai ya Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mwaka uliofuata, wenye chapa ya Lipton nao wakakubaliana na Browns kuhusu mashamba yao. Waliuza ardhi ya kukodi, vichaka vya chai na viwanda, lakini chapa ya Lipton wakabaki nayo. Anayetaka kujua faida kubwa katika biashara ya chai iko wapi, na atazame kilichouzwa na kile ambacho mwenyewe alikataa kukiachilia.

Wakulima wadogo wanaouza kupitia kwa Shirika la Ustawi wa Majanichai Nchini (KTDA) hupata malipo ya kila mwezi, kisha bonasi mwishoni mwa mwaka wa fedha. Msimu wa bonasi wa 2025 uliandamana na malalamiko makali katika kaunti za magharibi mwa Bonde la Ufa, Kericho na Bomet zikiwemo, kwa kuwa malipo yalikuwa chini sana kuliko ya wenzao wa mashariki mwa bonde hilo. Chai ya maeneo kama vile Kirinyaga na Meru imekuwa ikipata bei nzuri zaidi mnadani. Lawama zimeelekezwa kwa usimamizi, madeni ya viwanda na ubora wa uchumaji. Yote hayo yanastahili kuchunguzwa. Hata hivyo, ni bayana kwamba mnada tayari unalipia mahali chai inakotoka, isipokuwa kwa sasa mahali hapo panaikata bei chai ya magharibi badala ya kuipandisha.

<b>Jina lenye sheria</b>

Italia haikuachia sifa zake bahati nasibu. Katika mwaka ule ule wa 1934 ambapo Watalai walikuwa wakihamishwa kwa nguvu, watengenezaji wa jibini ya maeneo ya Parma na Reggio Emilia walikuwa wakiunda muungano wao. Leo jina Parmigiano Reggiano haliwezi kutumika Ulaya isipokuwa kwa jibini iliyotengenezwa katika eneo lililowekewa mipaka, kwa maziwa ya eneo hilo, na kuachwa ikomae kwa muda usiopungua miezi 12. Mpaka wenyewe umechorwa kwa makini kiasi kwamba katika mkoa wa Bologna ni upande mmoja tu wa mto Reno uliomo.

Huo si muujiza wa Wazungu pekee. India imeilinda chai ya Darjeeling kwa sheria yake ya majina ya bidhaa za mahali maalumu, na Umoja wa Ulaya ukaitambua mnamo 2011. Afrika Kusini ilifanikiwa kulilinda jina la kinywaji cha rooibos barani Ulaya mnamo 2021. Ethiopia nayo ilitumia sheria za alama za biashara kupigania majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, na mnamo 2007 ikafikia makubaliano na kampuni ya Starbucks.

Hapa nchini, rasimu za mswada wa kulinda majina ya aina hiyo zimekuwa zikizungumziwa tangu miaka ya 2000. Hata bila mswada huo, Sheria ya Alama za Biashara inaruhusu kikundi kusajili alama ya pamoja, njia ambayo wasusi wa vikapu wa Taita wamewahi kuitumia. Wakati huo huo, jina Kericho tayari limo katika pakiti za chai madukani, ila kama chapa ya biashara, si kama jina la pamoja la wakulima.

<b>Kibuyu cha mursik</b>

Mursik ina hadithi tofauti. Jina lake linajulikana kila pembe ya nchi, kwa kuwa mabingwa wa riadha hulakiwa nayo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wanaporejea na medali. Maziwa huchemshwa, yakapozwa, kisha yakamiminwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani yake kimesuguliwa kwa makaa ya miti maalumu kama vile senetwet. Kibuyu hufungwa na kuhifadhiwa kwa siku kadhaa au hata majuma. Kina mama ndio wahifadhi wa ujuzi huu.

Mijini sasa huuzwa maziwa ya chupa za plastiki yanayoitwa mursik, na mnunuzi hana njia ya kujua kama yaliwahi kukaribia kibuyu. Ajabu ni kwamba vuguvugu la Slow Food, lililozaliwa Italia katika miaka ya 1980, ndilo lililoyapa maziwa ya jamii ya Pokot, yanayotiwa majivu ya mti, nafasi katika mpango wake wa kulinda vyakula vya asili. Nayo Kenya ilitambuliwa na Unesco mnamo 2021 kwa juhudi zake za kufufua mboga na vyakula vya kienyeji. Kwa hivyo mlango u wazi.

Ila jina lisiwe pazia la kufichia kasoro. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet imeshuhudia kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa saratani ya umio, baadhi yao wakiwa vijana. Watafiti wamezitazama sababu mbalimbali, ikiwemo kemikali ya asetaldehaidi iliyopatikana katika sampuli za mursik, na pia unywaji wa chai ya moto sana. Mnamo 2016, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha ugonjwa huo. Chanzo hasa cha hali ya Bomet hakijathibitishwa. Lakini jamii inayotaka kulinda jina la kinywaji chake lazima iwe ya kwanza kutaka kipimwe. Jibini ya Parma hugongwa kwa nyundo ndogo na mkaguzi kabla ya kupigwa mhuri, na isiyofaa haipewi mhuri.

<b>Nani atavuna?</b>

Ingekuwa kosa kumwahidi mkulima kwamba jina litamwondolea shida zote. Wachumaji wa Darjeeling wameendelea kulalamikia mishahara duni licha ya umaarufu wa chai yao. Jina likiwekwa mikononi mwa wamiliki wa mashamba makubwa na mawakala, mkulima wa robo ekari atabaki alipo.

Kwa sababu hiyo, maswali magumu yajibiwe mapema. Bomet ilikuwa sehemu ya Kericho hadi ilipofanywa wilaya mnamo 1992. Je, chai yake itabeba jina la Kericho, au itatafuta lake? Viwanda vya wakulima wadogo vitakuwa na kura ngapi mbele ya makampuni? Nani atahakikisha kwamba ni majani mawili na chipukizi pekee yanayochumwa? Chai ya zambarau, ambayo watafiti wa Kericho waliitoa kwa wakulima mnamo 2011, ingefaa kuwa mahali pa kuanzia, maadamu ni zao jipya lisilozoeleka katika magunia ya mnadani.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya leo, methali hiyo ina upungufu wake, kwa kuwa chema kisicho na jina huuzwa na mwingine. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet, wakurugenzi wa viwanda na wabunge wa eneo hilo wana sheria ya kuanzia na mifano ya kuiga. Msimu mwingine wa bonasi utafika, na mkulima atauliza tena kwa nini majani yake yana thamani ndogo. Wakati huo haitatosha kumwambia kwamba soko la dunia ndilo lililoamua.