Keki ya Ghorofa Sita na Tenti ya Nyuma Haijaonja

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja na mnikasirikie mkitaka: harusi zetu za huku zina keki ambazo watu hawali. Tunazipiga picha, tunazizunguka tukicheza, tunazipeleka kwa wazazi na nyimbo. Halafu siku inaisha na kogo aliyechanga elfu mbili kutoka kwa bonasi yake ya chai anarudi nyumbani na kijipande cha saizi ya kidonge kimefungwa kwa tishu. Na huyo ni mwenye bahati. Tenti ya nyuma hawakuona hata trei ikipita.

Mimi ni wa Mogogosiek. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na tangu hapo simu yangu ndiyo kazi yangu. Napiga video za harusi na koito kuanzia huku Konoin mpaka Kericho mjini. Na nawaambia, video ya keki inashinda video ya viapo kila wiki. Mchungaji anaweza kuhubiri mpaka watu walie, lakini mtazamaji ataruka moja kwa moja hadi pale kisu kinaingia. Kwa hivyo sina shida na keki. Inanilisha. Shida yangu ni vile tumeifanya.

Kwanza tujue hii keki nyeupe ya ghorofa ilitoka wapi, maana wengi huongea kama ilishuka na Musa mlimani. Ilitoka kwa kasri la Uingereza. Malkia Victoria aliolewa tarehe 10 Februari 1840 na keki yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 136. Ile aisingi nyeupe inayokauka mpaka ngumu, Waingereza mpaka leo wanaiita aisingi ya kifalme. Binti yake mkubwa alipoolewa 1858, keki ikapanda juu kama mnara, lakini sikilizeni hii: keki ya kweli ilikuwa ya chini peke yake. Huko juu kote ilikuwa sukari iliyochongwa. Ni mpaka harusi ya Prince Leopold mwaka 1882 ndiyo keki ya kifalme ilikuwa keki kweli kutoka chini hadi juu.

Kwa hivyo ile dami ya foam ambayo waokaji wetu huipaka krimu na kuiweka kwa ngazi, ghorofa nne za uongo na mbili za kweli, hiyo ni mila ya kifalme kabisa. Msimcheke mwokaji. Anafuata historia.

Na sisi huku tunapenda hizo harusi za wafalme, tusidanganyane. Aprili 29, 2011, William akioa Kate, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mtaa mzima tulikuwa kwa jirani mmoja mwenye TV ya betri ya gari. Akina mama walikuwa wamekuja kuangalia kofia. Kila kofia ilipigiwa makofi au kicheko, na kogo wangu alitaka kujua kama huyo msichana ametolewa ng'ombe. Mei 19, 2018, Harry na Meghan, ilikuwa Jumamosi, na jioni hiyo Chelsea walikuwa wanacheza fainali ya FA na Manchester United. Mwenye ukumbi wa mpira pale sokoni alikuwa mjanja: mchana akaonyesha harusi, jioni mpira, na alitoza mara mbili. Wanaume waliokuja mapema "kushika viti" walijua jina la kila mtoto aliyeshika gauni.

Si Uingereza peke yake. Novemba 18, 2023, Kyabazinga wa Busoga, William Gabula Nadiope IV, alipomwoa Jovia Mutesi pale Bugembe karibu na Jinja, simu yangu haikuwa na kitu kingine kwa siku tatu. Na Mei 2021, June, binti ya William Ruto ambaye wakati huo alikuwa naibu rais, alipofunga ndoa kule Karen, hapa kwetu watu ambao hawajawahi kufika Karen walijadili hiyo sherehe kama wanakamati. Hatuna mfalme, lakini tukimpata mtu wa kumfanya kama mfalme hata kwa wikendi moja, tuko tayari.

Sasa, kuna wasee wataniambia ati huo ni utumwa wa akili, tunashangilia watu waliotutawala. Hilo nalichukua kwa uzito, kwa sababu sisi hatuangalii hizo harusi kutoka mbali hivyo. Elizabeth alipoolewa Novemba 20, 1947, serikali ya koloni ya Kenya ilimpa zawadi ya harusi: nyumba, Sagana Lodge, chini ya Mlima Kenya. Ndiyo hiyo nyumba aliyokuwa Februari 6, 1952 akaambiwa babake amefariki na yeye sasa ni malkia. Nchi ambayo watu wake walikuwa wanafukuzwa kwa mashamba ilikuwa inapeana nyumba ya harusi. Na huku kwetu Kericho, Wakipsigis walitolewa kwa ardhi yao ili chai ya wazungu ipandwe, na ukoo wa Talai ukahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi kuanzia 1934. Kwa hivyo hata sisi ambao hatujawahi kualikwa tulishachanga kwa hiyo familia, tena sana.

Lakini sitamwambia kogo azime TV. Yeye anajua hiyo historia kuniliko, ya ardhi aliisikia kutoka kwa babake, na bado anataka kuona kofia. Anaweza kufanya yote mawili. Kile kinanisumbua ni kwamba katika vitu vyote tungeiga kutoka kwa zile harusi, tuliiga urefu wa keki tu, na tukaacha kile wenyewe hufanya na hiyo keki.

Wenyewe huigawa. Keki ya 1947 ilikuwa ya ghorofa nne, urefu wa futi tisa, na vita vilikuwa vimeisha juzi tu, sukari Uingereza bado ilikuwa ya mgao. Vitu vya kuiokea vilitumwa kama zawadi kutoka nchi za nje, vingine na wasichana wa Girl Guides wa Australia. Ikakatwa kwa upanga. Desturi yao ni keki ya matunda makavu iliyolowa pombe, inayokaa bila kuoza, na sababu ya kutaka ikae ni ili vipande viwekwe kwa vibati na kutumiwa watu: wafanyakazi wa kasri, jamaa wa mbali, watu ambao hawakuwa kwa sherehe. Ghorofa ya juu huwekwa mpaka ubatizo wa mtoto wa kwanza. Kipande kimoja kutoka kwa mojawapo ya keki za Charles na Diana za 1981 kilipewa mfanyakazi mmoja, akakitunza kwa kibati, na mwaka 2021 kikauzwa kwa mnada pauni 1,850. Miaka arobaini! Ni aisingi na marzipani tu, hakuna mtu atakula. Lakini angalia: mfanyakazi alipata kipande chake.

Na kitu kingine, wao hawaogopi kubadilisha. William alitaka keki yake kando mwaka 2011, ya biskuti na chokoleti, ile alikula akiwa mtoto. Ilitumia biskuti 1,700 za Rich Tea na kilo 17 za chokoleti. Rich Tea, jameni. Hiyo ni biskuti ya kuchovya kwa chai! Mfalme mtarajiwa ameoa na kitu ambacho sisi tunakula tukitoka shambani, na hakuna aliyesema ameaibisha ukoo. Meghan na Harry wakaacha matunda makavu kabisa, wakaleta keki ya ndimu na maua. Mayai 500, malimau 200. Kwa hivyo wenye mila wanabadilisha, sisi tulioazima mila ndio tunaishikilia kama katiba.

Kwetu tulikuwa na mila yetu ya kushiriki. Mursik. Kwa koito, sotet ikifunguliwa, kikombe kinapita. Hakuna mursik ya kuangaliwa. Hakuna anayeleta sotet tupu zilizopakwa rangi azipange ngazi sita ili picha itoke vizuri. Mgeni akikosa mursik, ni mwenye boma anaaibika, hata kama nyumba yake ni ya ghorofa. Sasa huo wivu wa heshima tunao kwa mursik, kwa nini hatuna kwa keki?

Tuje kwa pesa. Binamu yangu anaoa Desemba. Mko kwa kundi kama lile mnajua: watu 180, nusu hawasemi kitu, na mweka hazina anatuma orodha ya michango kila usiku saa tatu ili wale hawajatoa waone aibu. Kamati imepitisha keki ya elfu 45. Ghorofa sita, ngazi, keki ndogo nne kando: ya wazazi wa bwana, ya wazazi wa bibi, ya kanisa, na ya kamati yenyewe (hiyo ya kamati huwa haikosi).

Nilikaa chini na kalamu. Tuseme kilo ya majani mabichi ni shilingi 25. Elfu 45 ni kilo 1,800. Mchumaji mzuri akifikisha kilo 30 kwa siku, hizo ni siku 60 za kuinama kwa chai, mvua na yote, na hatujatoa mbolea. Siku 60 za mgongo wa mtu, na ghorofa nne kati ya hizo sita ni foam. Senge yangu, ambaye ni mmoja wa wale wanachuma, alichanga elfu tatu. Mnajua bonasi ya huku vile imekuwa, kila Oktoba tunasikia wenzetu wa upande wa Mlima Kenya wamelipwa vizuri kutushinda, na sisi tunaangalia chini. Huyo mama kwa haki yake anafaa kula keki mpaka aseme imetosha.

Mtu ataniambia, "Lakini picha." Bana, mimi ndiye mtu wa picha. Kamera haijui tofauti ya ghorofa mbili na sita kama umeiweka vizuri na mwanga uko sawa. Mwingine atasema bibi harusi anataka siku yake, ni mara moja maishani, usimnyime. Hapo niko naye. Ni msichana ambaye ameangalia hizo harusi za kwa TV tangu utotoni kama mimi, na kama ndoto yake ni ngazi sita na maua, mimi ni nani. Nilimuuliza. Akasema kitu anaogopa ni watu wa kwao kusema keki ilikuwa ndogo. Hakuna mahali alisema anataka foam.

Kwa hivyo nimepeleka pendekezo. Keki moja nzuri ya ghorofa mbili, ya kweli chini mpaka juu, ya kukatwa mbele ya watu na ya kupeleka kwa wazazi na nyimbo kama kawaida. Halafu trei kubwa za keki ya kawaida, ya vanila na ya ndizi, zikatwe jikoni mapema na zitoke moja kwa moja na birika za chai. Huko Uingereza hii hufanywa pia, keki ya pembeni inakatwa nyuma ya pazia na wageni hawajui tofauti. Kuna mama hapa sokoni ana oveni ya makaa na mkono mzuri. Amesema kwa hizo elfu 45 anaweza kulisha watu mia nne na abaki na faida. Na kitu cha mwisho, hiki ndicho kimeleta vita: trei zianzie tenti ya nyuma, meza ya juu ipate mwisho.

Mwenyekiti amesema nimeharibiwa na intaneti. Mweka hazina amesema "tutaona." Kogo, ambaye hayuko hata kwa kundi, ameuliza kama hiyo ya ndizi inaweza kuwa na sukari kidogo kwa sababu ya daktari.

Kikao ni Jumapili baada ya kanisa. Niambieni, kwenu keki hufika tenti ya ngapi?