Magunia 3 ya maharagi na bariere 5

Wandugu vijana wa Baraka, wa Fizi, wa Bibokoboko, na ninyi mulio Uvira, Bukavu na Goma munaosoma hii kwenye telefone,

Leo hatuandiki juu ya vita. Au tuseme tunaandika juu ya vita, lakini tunaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa butiki.

Kila kijana ninayemjua hapa Baraka ana butiki moja kichwani. Mmoja anataka kuchaji telefone kwa sola na kuuza kredi. Mwingine anataka kukausha ndagala na kuzipeleka Misisi kwa wachimba dhahabu. Dada mmoja wa kartie yetu anataka mashine ya kushona, moja tu, na ameshachagua mpaka rangi ya pazia la mlango. Mimi niko na lisansi, nina miaka 25, sina kazi, na butiki yangu iko ndani ya kaye yenye jalada la bluu. Kurasa 11 za mahesabu. Wazo ni la zamani kuliko mimi: kupanda na chumvi, sabuni, mawese na ndagala, kushuka na maharagi, viazi na fromaji. Mlima hauna chumvi wala samaki. Ziwa halina viazi. Mtu wa kwanza aliyeona hivyo hakusoma unive.

Wazee wa hapa wanasimulia kwamba kati ya Bibokoboko na Baraka njia haikuwa njia ya wakimbizi. Ilikuwa njia ya soko. Maziwa na ng'ombe vilikuwa vinashuka, chumvi na nguo vinapanda, na watu walikuwa wanadaiana bila kuandikiana, juu walijua watakutana tena siku ya soko. Kisha ikafika Oktoba 2021. Bibokoboko ilishambuliwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe zikachukuliwa, watu wakashuka mpaka Baraka na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Kuko watu wanaishi bado hapa mjini kama wageni, wakati mashamba yao yako kwenye mlima ule ule unaouona ukitoka nje asubuhi. Na kuko watu wa vijiji vya chini ambao nao walichomewa, wakazika, wakakimbia. Sitaingia katika kuhesabu nani alimtangulia nani. Kuna watakaouliza mimi niko wa kabila gani kabla ya kuendelea kusoma. Maharagi hayajawahi kuniuliza.

Basi mwaka jana nilijaribu. Mama alicheka: "Mutoto, unasoma miaka yote ile, unakuya kuuzisha maharagi?" Alicheka lakini alinipa franga alizokuwa ameweka kwenye likelemba yao. Na zangu kidogo, ikafika dola 50. Dola 100 nikakopa kwa banki-lamberi. Munajua banki-lamberi: hakuna fomu, hakuna foleni, jamaa anakufahamu, anakufahamia na nyumba ya wazazi. Mwezi moja, unarudisha 120.

Nilinunua magunia 3 katika soko moja la mlimani ambalo sitalitaja, dola 50 kila gunia. Baraka niliyauza dola 70 kila moja. Fanya hesabu kwa vidole: nilitoa 150, nikapata 210. Faida dola 60. Ukisikia hivyo unaweza kusema huyu kijana karibu ajenge.

Wabebaji na motari walichukua 21, na ilikuwa haki yao, jasho nililiona mwenyewe. Sokoni kushusha na kuweka, dola 3. Bariere zilikuwa 5. Moja ilikuwa na watu wenye sare. Moja ilikuwa na watu wenye nusu ya sare. Moja ilikuwa kamba tu, na mtoto ambaye angepaswa kuwa darasani. Hizo zingine mbili sikuelewa ni za nani, na haikuwa mahali pa kuuliza. Jumla dola 24, na risiti hata moja hakuna. Nikabaki na 12. Banki-lamberi akaja kuchukua 20 zake juu ya mtaji. Kwa hiyo mimi, mwenye lisansi, nilitembea, nikalala nje, nikanyeshewa, na mwisho nikapata hasara ya dola 8.

Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi kwenye kaye. Bila bariere ningebaki na dola 16. Si utajiri, lakini ningerudi mlimani safari ya pili. Kati ya kila dola 10 za faida, 4 zilibaki kwenye kamba na miti iliyolazwa barabarani. Kwa hiyo mtu akikuambia kijana wa Kongo hajui biashara, mwambie kuko mtu anaijua vizuri kuliko sisi: yule aliyekaa kwenye bariere. Yeye hana mtaji, hana hasara, hana banki-lamberi, na kila gunia linalopita ni lake kidogo.

Na hii si hadithi yangu peke yangu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walitoa ramani ya bariere za Kivu mbili. Walihesabu 798: Kivu ya Kaskazini 312, Kivu ya Kusini 486. Sisi wa Kusini ndio tulikuwa mabingwa. Walionyesha pia kwamba si makundi ya silaha peke yake yanayokula pale. Leta nayo ilikuwa pale, na askari wake. Tangu wakati ule vita imeongezeka. Kila mmoja afikirie mwenyewe kama kamba zimepungua.

Sasa sikiliza maneno ya wakubwa. Wanapenda sana kutuambia: "Vijana, musingojee kazi ya leta, mujitafutie!" Tumesikia kwenye redio, kwenye semina, kwenye siku za uhuru. Semina zenyewe tunazijua. Siku tatu, soda, kalamu, perdiemu ukiwa na bahati, na karatasi yenye mihuri. Niko na karatasi mbili za namna hiyo. Zimekaa vizuri pamoja na lisansi ndani ya mfuko wa plastiki, panya asizifikie. Hakuna aliyetufundisha hata siku moja namna ya kupita bariere na gunia.

Na si kwamba sheria hazipo. Zipo, na ni nzuri kusoma. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 35, inasema Leta inahakikisha haki ya mtu kujianzishia shughuli, na inahimiza biashara ndogo ya Wakongomani. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi bila sheria. Orodha za taksi, ya serikali kuu na ya majimbo, zimeandikwa katika amri mbili za 13 Machi 2018. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na OHADA inamfahamu hata mfanyabiashara mdogo kabisa: anatangaza shughuli yake bila kulipa, anapewa namba, anatakiwa kushika kaye ya mapato na matumizi. Kaye! Ile yangu ya bluu, kwa sheria, ni kitu cha maana. Halafu 8 Septemba 2022 ikatoka amri ya sheria namba 22/030 juu ya kuendeleza ujasiriamali na startapu. Nimeisoma kwenye telefone, usiku, juu ya kredi ya usiku ni bei chini.

Lakini sheria ya Kinshasa inafika Fizi imechoka sana. Tuliona mashindano ya mipango ya biashara yaliyolipiwa na Benki ya Dunia chini ya mradi wa PADMPME: ulianzia Kinshasa, Matadi, Lubumbashi na Goma. Fizi ingeingia wapi? Na tangu Februari 2025, Bukavu ilipoanguka kama Goma, mabenki ya huko yakafunga milango, na hata wale waliokuwa na konti wakajikuta kama sisi, na franga kwenye telefone na kamisio ya kila mara ukitoa. Siku hizo ndipo marafiki wa Bukavu walianza kunipigia kuuliza banki-lamberi anafanyaje kazi. Nilicheka, kisha nikaona haichekeshi.

Vuka ziwa kidogo, kwa mawazo. Upande wa Kigoma, sheria ya Tanzania inaagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Si paradiso. Mwaka 2023 serikali yenyewe iliisimamisha mikopo hiyo juu ya wizi na vikundi hewa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini angalia tofauti: kule watu wanagombana juu ya mkopo uliopo, wanajua asilimia, wanaweza kumuuliza mkubwa wao "zile 4 zetu ziko wapi?" Sisi tungemuuliza nani, na kuhusu nini? Mama anayeweka kitunga chake sokoni Baraka analipa kila siku. Hajawahi kuona karatasi inayosema franga zile zilijenga nini, wala zilimkopesha nani.

Kuna mwajiri mmoja tu hapa kwetu asiyeuliza eksperiense. Haombi dipiloma, haombi barua ya maombi, hasemi "turudie wiki kesho". Anakupa kazi siku hiyo hiyo, na chombo cha kazi. Munamjua. Yuko kila upande, kila jamii ina wa kwake, na kila mmoja anasema yeye ndiye anayelinda. Nilisoma pamoja na kijana mmoja, fundi wa redio, mikono ya dhahabu. Alitaka atelie. Alizunguka miezi akitafuta dola 80 za kununua vifaa. Hakuzipata. Leo yuko mlimani, na kazi yake, nimeambiwa, ni kusimama kwenye bariere. Kama ningepita siku nyingine, labda dola zangu angezichukua yeye. Sijui ningemwangalia namna gani usoni. Nami sitaki kumhukumu haraka, juu mimi nilikuwa na mama mwenye likelemba na yeye hakuwa naye.

Kwa hiyo tukisema "biashara ndogo", musifikiri tumeacha mambo makubwa. Njia ya Bibokoboko ikifunguliwa kwa maharagi na chumvi, watu wa juu na wa chini watakuwa na sababu ya kulinda ile njia, kila mmoja kwa faida yake. Sisemi soko linaponyesha kila kidonda. Soko halifufui mtu, halirudishi ng'ombe, na haki kwa waliofanya mambo yale tutaendelea kuidai kwa jina lake. Lakini mtu unayemdai maharagi hutaki afe.

Turudi kwetu wenyewe kidogo, wenye lisansi. Tunapenda butiki yenye jina, yenye rangi, yenye picha kwenye telefone. Tunaona haya kukaa chini sokoni karibu na mama zetu. Wale mama hawakusoma, na ndio wanalisha Baraka. Wanajua ndagala zitapanda bei lini, wanajua kabla ya radio kwamba mwezi wa tano kuna habari ya kufunga ziwa, juu nchi nne za Tanganyika zilikubaliana uvuvi upumzike miezi tatu mpaka katikati ya mwezi wa nane. Wanaweka akiba ya kukausha mapema. Mimi nilijifunza hayo kwa mama, si kwa profesa, na nilichelewa.

Tunachotaka si kingi. Komini na meri zibandike sokoni, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, bei ya kila taksi inayoruhusiwa, ili mama asome au asomewe. Bariere za watu wa leta zisizo kwenye sheria ziondolewe kwanza, juu hizo hazihitaji mazungumzo ya amani wala ndege ya Doha: zinahitaji mkubwa mmoja atoe amri na amri itiiwe. Siku ya soko, njia ya mlimani ilindwe kwa ajili ya wote wanaobeba, bila kuulizana kabila. Na mapato ya soko, sehemu ijulikane, irudi kama mkopo mdogo kwa vijana na akina mama wa hapa, na majina ya waliokopa yabandikwe ukutani pale pale, wizi uone aibu.

Wakati tunangoja, kuna kazi tunaanza wiki hii, na kila mtu anaweza. Ukipita bariere na mzigo, uliza risiti kwa adabu. Ukinyimwa, usibishane. Ukifika nyumbani andika tarehe, mahali, ulikuwa na mzigo gani, ulilipa franga ngapi. Usiandike jina la aliyekudai, usipige picha, usifungue telefone pale. Hatutaki mtu afe juu ya risiti. Tuletee karatasi hiyo kwa mikono, kwa wandugu unaowafahamu. Tutajumlisha, na jumla hiyo tutaipeleka kwa meri na kwa mbunge, mbele ya watu.

Ukurasa wa 12 wa kaye yangu nimeuacha mtupu kwa hesabu hiyo. Yangu ndiyo ya kwanza: bariere 5, magunia 3, dola 24.