Mlezi Mdogo na Sufuria ya Nyumbani

Cheptais ni mji mdogo ulioko katika miteremko ya Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Udongo wa huko umetokana na volkano ya kale, nao una rutuba nyingi. Mahindi hurefuka kumpita mtu, na migomba, viazi, vitunguu na maharagwe hustawi vilevile. Mgeni apitaye siku ya soko, akaona magunia na mikungu ya ndizi, aweza kusema moyoni mwake kwamba njaa haina njia ya kuingia mahali kama hapa. Walakini iko njaa ya namna nyingine, isiyotokana na ghala tupu. Ni njaa ya mtoto aliyekula ugali mchana na ugali jioni, tumbo likajaa, lakini mwili ukakosa vile unavyovihitaji ili ukue.

Yafaa kuuliza ni nani amlishaye mtoto huyo. Wengi watajibu upesi kwamba ni mama. Lakini mama ameondoka alfajiri kwenda shambani, na siku nyingine ameshuka sokoni Chepkube, soko la mpakani lililopata jina kwa magendo ya kahawa katika miaka ya 1976 na 1977, sifa ambayo si ya kujivunia. Binti wa miaka 13 au 14 ndiye arudiye kutoka shule, akambeba mdogo wake mgongoni, akawasha moto na kusonga ugali. Mara nyingine ni kaka yake. Hao ndio washikao mwiko na kijiko, nao aghalabu hawakufundishwa neno lolote juu ya chakula cha mtoto mchanga.

Hatari yenyewe si jambo jipya. Mwaka 1933 daktari mmoja mzaliwa wa Jamaica, Bibi Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast (ambayo sasa ni Ghana), aliandika habari za watoto waliovimba miguu, nywele zikageuka rangi na ngozi ikachubuka. Watoto hao walikuwa wakilishwa vyakula vya mahindi karibu peke yake. Mwaka 1935 aliutangaza ugonjwa huo kwa jina walilolitumia watu wa kabila la Ga: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Akina mama wa Ga walikuwa wamekwisha kutambua jambo ambalo madaktari walikuwa bado wakibishana juu yake. Mtoto huachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja, kisha hapewi kitu cha kushika mahali pa maziwa.

Ng'ambo ya mto Lwakhakha ni Uganda, na huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, ilianzishwa katika miaka ya 1960 nyumba iitwayo Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya. Mama aliyemleta mtoto wake huko hakuketi kungoja dawa tu. Alipika mwenyewe, kwa vyakula vilevile vipatikanavyo nyumbani kwake, akaona kwa macho yake nguvu zikimrudia mwanawe. Chakula kilichochanganywa hivyo, ndizi au viazi pamoja na maharagwe au karanga, na mboga, na samaki au maziwa kidogo, Waganda hukiita kitobero. Hakuna kitu katika sufuria hiyo ambacho hakipatikani Cheptais.

Palibaki swali la mtoto mkubwa. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha London, Daktari David Morley na wenzake walianzisha mpango ulioitwa Mtoto kwa Mtoto, kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, yaani 1979. Daktari Morley alikuwa amefanya kazi Ilesha, Nigeria. Shauri la mpango huo lilikuwa jepesi: kwa kuwa mtoto mkubwa ndiye amleaye mdogo, basi mkubwa na afundishwe, naye atawafundisha wadogo. Kenya nayo ilikuwa na vyama vya 4-K mashuleni tangu 1962, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama hivyo vilizinduliwa upya mwaka 2021. Bustani ya shule ni darasa zuri kuliko ubao.

Kijana atakaye kuwafundisha watoto wadogo asisimame mbele yao na fimbo kama mwalimu wa zamani. Na awatume watafute majani: mnavu, mgagani, mlenda, kunde, mchicha. Kila mmoja ataje jina la jani lake kwa Kisabaot au kwa Kibukusu, na asiyejua akamwulize bibi yake. Mchezo huo una faida mbili, maana bibi naye hukumbushwa kwamba mboga zake si chakula cha maskini. Kisha watoto waonyeshwe kwamba mahindi yana upungufu wa protini ya namna fulani ambayo maharagwe yanayo. Ndiyo sababu mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja hujenga mwili kuliko mahindi peke yake. Kwa mdogo kabisa yapondwe, asije akapaliwa. Chai nayo ingojwe, kwa kuwa ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe.

Liko na jambo la sinia moja. Watoto watano wakila pamoja, mwenye mkono mwepesi hushiba na mdogo hubaki akilamba vidole. Mtoto wa miezi 9 hadi 23 ana tumbo dogo. Yampasa kulishwa mara 3 au 4 kwa siku, na katika sahani yake mwenyewe, ili ionekane amekula kiasi gani.

Tena vijana waweza kujifunza kwa mhudumu wa afya matumizi ya utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu, na mtoto apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 26 katika kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa; mwaka 2022 walikuwa 18. Hesabu imeshuka, lakini 18 ni wengi.

Isifikiriwe, hata hivyo, kwamba kazi hii yote ni ya kijana. Binti asiondolewe shuleni kwa kisingizio kwamba yeye ndiye mlezi. Wala asilaumiwe kwa nyama asiyoigawa yeye. Katika nyumba nyingi baba huandaliwa kwanza, na mtoto hupewa mchuzi. Kijana aweza kujua yote yaliyoandikwa katika daftari lake, na bado asiwe na ruhusa ya kufunua kikapu.

Mayai sita yamo kikapuni, na kesho ni siku ya soko. Yanangojewa na sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Jioni binti ampokea mama yake mzigo, amwekea maji ya kunawa, kisha husema kwa adabu, "Mama, matano yaende sokoni, hili moja na liwe la mdogo wangu." Mama akikubali, yai huchemshwa, likapondwa pamoja na kiazi.