Hodi Gani Hii Isiyongoja Jibu?

Leo tuna dukuduku, na hatutalimeza.

Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua: unapiga hodi, unangoja uambiwe karibu, na usipojibiwa mara ya tatu unarudi ulikotoka. Tumefunzwa hivyo tangu chuoni, na Surat An-Nur tumeisoma sote. Sasa hebu fungua tovuti ya duka la nguo za harusi. Hujaona hata shela moja, kinakurukia kibango: tunatumia vidakuzi ili kukupa huduma bora. Chini yake kitufe kimoja kikubwa, "Nakubali". Cha kukataa hakipo, au kimefichwa mpaka ubonyeze mara tatu nne. Na tovuti nyingine hata hazingoji. Wewe bado unasoma kibango, wao wameshaingia, wameshakaa kitako.

Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti inaliweka kwenye simu yako ili ikukumbuke. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Kwa hilo hatuna ugomvi. Bila ya kidakuzi, kikapu chako cha manunuzi kingekuwa kitupu kila ukifungua ukurasa mwingine. Ugomvi wetu ni na vidakuzi vya wageni, yaani makampuni ya matangazo ambayo mwenye duka ameyafungulia mlango wa nyuma. Hao wanaandika umetazama nini, saa ngapi, kisha wanakufuata tovuti hadi tovuti.

Mwenzetu mmoja, zikiwa zimebaki wiki tatu aolewe, alitazama nguo za kulalia za fungate kwenye tableti ya nyumbani. Kesho yake kaka yake akaichukua asome habari za mpira. Zikamwagika picha zilezile, moja baada ya nyingine. Hakusema neno, aliiweka mezani akatoka. Mwenzetu alishindwa kumtazama usoni mpaka siku ya harusi. Alipolalamika dukani aliambiwa, "Si ulibonyeza nakubali, dada?"

Ati alikubali! Sisi ambao biarusi huulizwa idhini yake kabla ya nikaha, leo tuambiwe kitufe kisicho na mwenzake ni ridhaa? Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichowekwa alama ya kukubali kabla mtu hajakigusa si ridhaa. Mwanzoni mwa 2022 CNIL, mamlaka ya faragha ya Ufaransa, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukataa vidakuzi kulikuwa kugumu kuliko kuvikubali. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini kwa muuza mabaibui hata sheria isingehitajika. Biashara yake yenyewe ni stara.

Tunawajua watakaosema: kama huna baya, unaficha nini? Jamani, baibui linaficha baya gani? Vipimo vya kifua na kiuno si haramu, lakini hatuvibandiki ukutani Darajani. Na mambo haya hayaishii kwenye nguo. Novemba 2020 Motherboard waliripoti kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala, zilikuwa zikienda kwa kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake wakati huo walikuwa ni pamoja na wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro wakatangaza kuachana na X-Mode, lakini baada ya kuripotiwa. Watu walikuwa wanatafuta kibla tu.

Basi wenye maduka, msituambie mtengenezaji wa tovuti ndiye aliyeviweka. Duka ni lenu. Wekeni "Nakataa" pembeni ya "Nakubali", kwa ukubwa uleule na rangi ileile. Kurasa za nguo za ndani na za kujaza vipimo, watoeni wageni wote, tukubali tusikubali. Nasi mashoga, ingieni kwenye mipangilio ya kivinjari, zuieni vidakuzi vya watu wa tatu, na futeni vilivyokwishaingia. Tovuti isiyo na kitufe cha kukataa tuifunge, twende kwa fundi wa mtaani akatupime kwa futi yake, mlango umefungwa.